Ngozi ya Mwana wa Bibi Arusi

Lango la zizi lilisema "Salama" mara mia nne na kumi na mbili asubuhi ile, na mara moja kati ya hizo lilisema uongo.

Mzee Lamek Chaula alikuwa amesimama pembeni, fimbo kwapani, daftari mkononi, akisikiliza. Sakitu ilikuwa bado nyeupe juu ya nyasi za Isululu, na pumzi za kondoo zilipanda kama moshi wa kuni mbichi. Kila kondoo alipopita chini ya tao la chuma, lango lilisoma hereni iliyotobolewa sikioni mwake, likataja namba yake kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka, kisha likatoa hukumu. Mia mbili na kumi, salama. Mia mbili na kumi na moja, salama. Mia mbili na kumi na mbili, salama.

Huyo wa mia mbili na kumi na mbili alikuwa kondoo jike mwenye uso mweupe ambaye kituo kizima kilimwita Bibi Arusi. Nyuma yake alifuata mwanakondoo anayetembea kwa shida, kama mtoto aliyevishwa koti la baba yake. Lango likamsoma.

"Mwana wa mia mbili na kumi na mbili. Siku kumi na nne. Salama."

Mwana wa mia mbili na kumi na mbili alikuwa amekufa siku tisa zilizopita.

Mzee Chaula alitia alama katika daftari lake. Aliandika lilelile: salama.

"Profesa," aliita Tweve, fundi wa mitambo, kutoka dirishani mwa kibanda chake. "Huyo kijana wa Bibi Arusi ananuka. Mwogeshe, au mpeleke kanisani akaombewe."

"Wewe ulipozaliwa ulinuka marashi?"

"Mama anasema nilinukia mkate."

"Mama yako ni mtu mwema. Watu wema hawakosi uongo wa hapa na pale."

Tweve akacheka, akarudi kwenye nyaya zake. Jina hilo la Profesa alilianzisha yeye, siku cheti cha shule ya jioni kilipofika kutoka mkoani na mzee akakitundika kibandani juu ya makoti ya mvua, mahali ambapo kila mtu angekiona anapovua buti. Mzee alikuwa na miaka hamsini na minane alipoanza masomo hayo. Alisoma kwa miaka sita, akitembea kilomita nne kwenda na nne kurudi, na alipomaliza alijua kuandika ripoti, kupiga hesabu za asilimia na kueleza kwa lugha safi kwa nini mtoto wa binadamu anaweza kuokolewa na mwanakondoo. Kwa hiyo Tweve alipomwita Profesa, alikasirika kwa mdomo tu. Moyoni aliona ni haki yake.

Kilichotokea siku tisa nyuma kilikuwa kidogo, na pengine ndiyo sababu kilipita. Bibi Arusi alilala vibaya kwenye tope akamkandamiza mwanawe. Mzee alimkuta asubuhi, bado ana joto. Ilikuwa misimu saba tangu Isululu ipoteze mwanakondoo hata mmoja, na misimu hiyo saba ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wake. Bibi Arusi naye aligoma kula, akasimama juu ya maiti akilia kwa sauti ya chini, matiti yamejaa hadi yanadondosha. Alikuwa wa mwisho wa ukoo wa kondoo wa kwanza waliopewa mbegu ya dawa.

Siku hiyohiyo mjukuu wa mzee, Atuganile, alikuwa amerudi kutoka bonde la Ilevelo na kondoo wa jikoni ndani ya kikapu: mwanakondoo asiye na mama, mwenye siku chache, zawadi kutoka kwa rafiki yake. Mzee alitazama kikapu, akatazama zizi. Akafanya kama baba yake alivyofanya, na baba wa baba yake. Alimchuna yule aliyekufa kwa uangalifu, akaacha ngozi ikiwa nzima pamoja na masikio, akamvika yatima kama koti, akafunga kwa uzi chini ya tumbo. Bibi Arusi alinusa mkia, akanusa kichwa, akaacha kulia. Baada ya dakika chache mwanakondoo alikuwa ananyonya huku mkia unatikisika.

Mlangoni mwa zizi kulikuwa na maneno ya rangi nyekundu: HAKUNA MNYAMA WA NJE. Aliyeyapaka upya kila mwaka alikuwa Mzee Chaula mwenyewe.

Alikusudia kuivua ngozi siku ya tatu, kama desturi ilivyo, na kumweleza daktari. Lakini asubuhi ya kwanza mwanakondoo alipita langoni, na lango likasema "Salama." Hereni ilikuwa bado kwenye sikio la ngozi. Mzee hakuwa ameifikiria. Baba yake hakuwa na hereni za kufikiria. Alisimama akisubiri aibu imfike, na badala yake mashine ikamsamehe. Basi akaipaka ngozi chumvi na jivu isioze, akaiacha.

Sasa, kondoo wa mwisho walipokwisha kupita, alizunguka hadi zizi la tatu, ambako Bibi Arusi hulala na wenzake. Wanakondoo wanne walikuwa wamelala pembeni, migongo imepinda. Nyuma yao, sufu ilikuwa imelowa uharo wa rangi ya maziwa yaliyokatika.

Aliinama, akambana mmoja ngozi ya shingo kwa vidole viwili, akaachia. Ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama kama mkunjo wa karatasi; maji yalikuwa yamemwisha mwilini.

Wanakondoo hao walikuwa wameugua wiki iliyopita, kama ilivyopangwa, siku mbili, kidogo tu, wakapona. Mwanakondoo haugui ugonjwa huo mara mbili. Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la somo lote.

*

Tangu meli za dawa ziache kuja, miaka kumi na minne sasa, watoto wa nyanda za juu walipata kinga yao kutoka Isululu. Hapakuwa na kiwanda. Majokofu makubwa yalikufa pamoja na umeme wa uhakika. Kilichobaki kilikuwa utumbo wa mwanakondoo. Alipofikisha siku tano za maisha alipewa mbegu, tone moja mdomoni. Mbegu ilizaa tumboni mwake, naye akahara kwa upole, na uharo huo ulikusanywa, ukachujwa mara tisa, ukaoshwa, ukapimwa na kutiwa kwenye vichupa. Watu waliita dawa hiyo matone ya Isululu. Wenye utani waliita chai ya kondoo. Wote waliwanywesha watoto wao, kwa sababu kabla ya matone kila kiangazi cha baridi makaburi mafupi yalichimbwa kila kata.

Daktari Sekela Mwaipopo alikuwa akifunga vizibo Mzee Chaula alipoingia maabara. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, macho mekundu kwa kukosa usingizi, kalamu mbili kwenye nywele, moja ameisahau.

"Shikamoo, Mzee Chaula."

"Marahaba, Daktari. Zizi la tatu lina wanakondoo wanne wanaohara."

Vidole vya Sekela vilisimama. "Wana siku ngapi?"

"Kumi na nne. Kumi na tano."

"Watakuwa wamekula majani mabichi yenye sakitu." Lakini aliinuka, akachukua kopo la sampuli ambalo mzee alikuwa amelileta bila kuambiwa, akachovya karatasi ya kipimo. Walisubiri pamoja. Mistari miwili ya bluu ilijitokeza, safi, sambamba.

"Unaona? Ni mbegu yetu. Labda ndiyo inamalizika."

"Karatasi inasoma jezi tu," alisema mzee.

Sekela akatabasamu kidogo. Mfano huo ulikuwa wa shule ya jioni, na yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha. Kirusi hiki kina mviringo kama gurudumu, aliwaambia, na ndani yake kuna vipande kumi na moja vya maagizo. Kumi na moja, kama timu ya mpira. Kirusi cha kondoo kina timu yake, cha binadamu kina timu yake. Cha binadamu humuua mtoto. Cha kondoo, tumboni mwa mtoto, hucheza ovyo na kushindwa. Wataalamu wa zamani walichukua wachezaji kumi wa kondoo, wakaongeza mmoja wa binadamu, yule anayeshona jezi. Mwili wa mtoto huona jezi ya adui, hujifunza kuichukia, na siku adui wa kweli akija humkuta mlinzi amekwisha kuamka.

"Inasoma jezi tu," alikubali. "Mashine ya kusoma timu nzima ilipigwa na radi, unajua. Lakini jezi ni yetu, na kundi ni letu. Timu hubadilishana wachezaji pale tu mbili zinapokutana ndani ya uwanja mmoja, ndani ya chembe moja ya utumbo. Hapa timu ni moja. Ndiyo maana tuna uzio."

"Na kama mgeni ameingia?"

Sekela aliinua macho kutoka kwenye karatasi ya kipimo.

"Mgeni ameingia, Mzee Chaula?"

Alikuwa na neno tayari kwenye ulimi. Akatazama vichupa vilivyopangwa mezani, mia sita na zaidi, kila kimoja na kizibo chekundu.

"Nauliza tu. Mwanafunzi haachi kuuliza."

Sekela alikaa, akajifuta paji la uso kwa mgongo wa mkono. "Kama mgeni ameingia, sheria ni moto. Kundi lote, leo hii, na vichupa vyote. Na baada ya hapo hakuna kitu, mzee wangu. Mbegu haikai kwenye chupa, haikai kwenye barafu tusiyokuwa nayo. Tunaitunza ndani ya kondoo, kama bibi zetu walivyotunza moto ndani ya jivu. Ukiua kundi, umeuzima. Hakuna jirani wa kumwomba kaa." Alikigusa kichupa kimoja. "Ilevelo wameanza kuzika. Nimepata habari jana. Mwaka ambao hatukugawa, bonde lile peke yake lilizika watoto thelathini na mmoja. Kwa hiyo usiniulize maswali ya mtihani leo. Nimechoka."

"Pole, Daktari."

"Kesho unamleta kitukuu?"

"Namleta."

"Vizuri. Watu wakimwona mtoto wa Profesa anakunywa, hawaulizi swali la pili."

*

Hiyo ilikuwa desturi ya Isululu tangu mwanzo: mtoto wa kwanza kupewa matone hutoka katika nyumba ya mtunza kundi, naye mtunza kundi ndiye humfungua mdomo kwa kidole chake. Ilianzishwa wakati watu walipokuwa wanaogopa. Sasa hawakuogopa tena, ila waliipenda.

Adhuhuri alimkuta Atuganile jikoni akimenya viazi, mtoto Ambakisye amefungwa mgongoni, wiki sita, kichwa chekundu kama tofaa chini ya kofia mpya ya sufu. Sufu hiyo ilitoka kwa Bibi Arusi.

"Babu, umekonda uso. Kaa ule."

"Nitakula. Yule rafiki yako wa Ilevelo, aliyetupa mwanakondoo. Hajambo?"

Kisu kikaacha kumenya. "Nilitaka kukuambia ukishashiba. Mama Tumpe amefiwa. Yule mtoto wake mdogo. Wamezika juzi."

"Alikuwa na nini?"

"Kuhara. Siku mbili tu, Babu. Alizaliwa matone ya mwaka jana yamekwisha." Akafuta macho kwa kiganja chenye maganda. "Na mimi nilimwona mzima. Alikuwa analala na yule mwanakondoo kwenye mkeka mmoja karibu na meko. Mama Tumpe alikuwa na chupa moja ya kunyonyeshea, anampa mtoto, anampa kondoo, anampa mtoto. Tulicheka mpaka tukalia. Nikamwambia, wako mapacha."

Mzee Chaula aliweka kiazi alichokuwa amekishika chini, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Aliyaona yote kwa mpangilio, kama hesabu ya ubaoni. Timu ya bonde, ile inayoua, ilikuwa imepanda mlimani ndani ya kikapu, tumboni mwa mnyama ambaye hakuwa ameonja dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake, wala kinga yoyote. Siku alipovikwa ngozi, daftari lilisema ni mwana wa Bibi Arusi mwenye siku tano, na mwenye siku tano hupewa mbegu. Aliyempa alikuwa yeye, kwa mkono huu. Timu mbili, uwanja mmoja. Na kilichotoka humo kilivaa jezi ya nyumbani, kikapita mbele ya karatasi ya kipimo na kupigiwa saluti, kama vile mwanakondoo alivyopita langoni.

Hakuwa na hakika. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Wanakondoo wanne wanaohara si ushahidi. Pengine ilikuwa sakitu. Akisema, kundi litaingia motoni na kiangazi cha mwakani hapatakuwa na matone, wala cha mwaka utakaofuata, na makaburi mafupi yatarudi kwa hakika, kwa hesabu inayojulikana. Akinyamaza, labda hakuna kitakachotokea. Labda.

Alimtazama Ambakisye, aliyekuwa analamba ukingo wa kanga ya mama yake.

"Kesho," alisema, "usimtoe mtoto mgongoni mpaka mimi nimemaliza kusema."

"Kusema nini, Babu?"

"Nina maneno kwa watu."

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya vilima, alipanda hadi ua wa maabara. Alifika kwenye michongoma. Kupitia tundu aliwaona Sekela na Tweve wakipanga vichupa kwenye masanduku, Tweve anasema kitu, Sekela anacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Mzee alijitazama. Alikuwa amevaa buti zenye kinyesi hadi magotini na koti lililochanika kwapani. Jambo zito kama lile, aliwaza, halisemwi uani na mtu aliyesimama kama mwizi wa mahindi. Litasemwa mbele ya watu, kwa mpangilio, na mtu aliyevaa suti. Masanduku hayatoki mpaka mtoto wa kwanza anywe. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Kulikuwa na muda.

Akarudi nyumbani akaandika. Aliandika kurasa mbili, akasahihisha, akaona "nimekosea" limetumika mara tatu, akabadilisha moja likawa "nimeteleza." Alinakili upya kwa mwandiko wa cheti.

*

Ukungu wa Ijumaa ulikuwa umekaa chini bondeni kama maziwa kwenye kata. Watu walijaa uwanja wa kituo, kina mama na watoto migongoni, wazee wenye mablanketi mabegani. Kulikuwa na harufu ya viazi vya kuchoma na ya sufu iliyolowa. Mbele palikuwa na meza, kitambaa cheupe, na kichupa kimoja chenye kizibo chekundu.

Mzee Chaula alitokea na suti yake ya kijivu. Watu walipisha njia. Mama mmoja alinyoosha mkono kumgusa kiwiko, kama watu wanavyogusa kitu cha baraka.

Alifungua karatasi. Akasoma sentensi ya kwanza, "Ndugu wananchi wa nyanda za juu," kisha akaishia hapo. Maneno yote mazuri yalikuwa pale, yamenyooka, na hakuna hata moja lililoweza kubeba lile alilotaka kulisema. Akaikunja karatasi.

"Mmoja wa kondoo wangu si wangu," alisema. "Mwana wa Bibi Arusi alikufa. Huyu mnayemwona amevaa ngozi yake. Alitoka Ilevelo, kwenye nyumba ambayo mtoto amezikwa. Nilimwingiza mimi. Nilimpa mbegu mimi. Msinyweshe watoto."

Ilikuwa kama watu wanasubiri atafsiri.

"Profesa," alisema Tweve kwa upole, "umeamka vibaya. Lango linamsoma kila siku. Mimi mwenyewe nina orodha."

"Kamlete."

Walimleta, na Bibi Arusi akafuata, kwa sababu haikuwezekana kumwacha. Mzee alipiga magoti kwenye sakitu na suti yake, akakata uzi kwa kisu, akaivuta ngozi. Ilitoka kwa sauti ya kitu kilichoganda. Harufu ikawafanya walio karibu warudi nyuma. Ndani yake alikuwamo mwanakondoo mwingine kabisa, mwenye mabaka ya kahawia ambayo hayakuwahi kuonekana katika ukoo wa Isululu, sikio zima, halijatobolewa. Tweve alimbeba akampitisha chini ya tao la lango. Lango halikusema neno. Kisha, akiwa hajui anafanya nini, aliipitisha ngozi tupu.

"Mwana wa mia mbili na kumi na mbili," lilisema lango. "Siku kumi na tano. Salama."

Hapo ndipo mama mmoja alipoanza kulia, na kina mama wote wakawavuta watoto kutoka migongoni hadi vifuani, kwa pamoja, kama kundi linapogeuka.

Mzee aliinua macho kumtafuta Sekela. Alitegemea hasira; alikuwa amejiandaa kwa hasira. Daktari alikuwa amesimama nyuma ya meza, ameshika ukingo wake kwa mikono miwili, uso hauna damu.

"Jana," alisema. "Uliniuliza jana. Ulikuwa unajua jana?"

"Nilikuwa naogopa jana. Kujua nilijua mchana."

"Kwa nini hukuja jioni?"

"Nilikuja. Hadi kwenye michongoma." Akatazama suti yake, magoti yaliyolowa. "Nilitaka kusema kwa heshima, Daktari. Masanduku hayatoki kabla ya mtoto wa kwanza."

Sekela alifumba macho. "Sanduku la Ilevelo limetoka. Alfajiri, kwa ndege nyuki, ile isiyo na rubani, kabla ukungu haujafunga bonde. Nilikwambia wameanza kuzika. Sikuweza kuwasubirisha kwa ajili ya desturi."

Mlingoti wa simu wa Ilevelo ulikuwa umeanguka tangu masika na haujasimamishwa. Tweve hakungoja kuambiwa. Alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki. Kwa njia ile ya mawe, ni mwendo wa saa tano kama mito haijajaa. Walimwangalia akimezwa na ukungu, kisha wakamsikia tu, kisha hata kumsikia wakaacha.

"Chomeni," alisema mzee mmoja wa blanketi. "Sheria ni moto. Si mmeiandika wenyewe?"

"Sichomi," alisema Sekela. "Na sigawi. Sijui kilichomo ndani ya vichupa hivi, na mashine ya kunieleza imekufa. Nikichoma dawa nzima nimewaua wa mwakani. Nikigawa sumu nimewaua wa leo." Kisha akasema kama anayejisomea hukumu yake mwenyewe. "Tutajua ndani ya siku tatu. Ilevelo watatuambia. Wao ndio maabara sasa."

Watu waliondoka bila kuagana. Atuganile alibaki amesimama mbali kidogo, Ambakisye amefunikwa kanga mpaka utosini. Hakumlaumu babu yake. Alimtazama tu kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina, akageuka na kuteremka nyumbani.

Mzee Chaula alikaa kwenye jiwe karibu na zizi. Bibi Arusi alikuwa amemnusa yule mwenye mabaka tangu mkia hadi kichwa. Ngozi ya mwanawe ilikuwa imelala pale chini, hatua mbili, na hakuigeukia. Alisogeza mguu wa nyuma kama afanyavyo mama, na mgeni akaingia chini yake, akapiga magoti, akanyonya. Hakuhitaji tena koti. Alikuwa wake.

Saa nne kasoro, muungurumo mwembamba ulisikika juu ya ukungu. Ndege nyuki ilishuka uwanjani, ikatua penye alama yake, ikazima. Pikipiki ilikuwa bado haijafika hata mto wa pili. Sekela alitoka maabara akitembea, kisha akikimbia, kisha akitembea tena. Alifungua sanduku. Vichupa vilikuwemo vyote, vimeoshwa, vimerudishwa kwa mpangilio na vizibo vyake vyekundu, na juu yake karatasi iliyokunjwa mara mbili.

Aliisoma. Akampa mzee, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumpa.

Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu aliyejifunza ukubwani na kuuthamini.

*Daktari, salamu kutoka Ilevelo. Tumewahi kabla ya baridi kuzidi. Watoto arobaini na mmoja wamepata, na yule mtoto mkubwa wa Mama Tumpe tumempa matone mawili kwa sababu ya msiba. Mshukuruni sana mtunza kundi. Hakuna aliyetema hata tone.*